Kujizuia: Umri, Uzazi na Misuli Isiyotajwa

Ukitaka kujua nani kijijini ameanza kushindwa kuzuia choo, usisubiri akwambie. Tazama nani ameacha kwenda mahali ambako choo kiko mbali. Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mahali pa namna hiyo ni pengi: ibada ndefu ya Jumapili, mnada wa Katesh, basi la alfajiri la kwenda Babati, msiba ambako umati mzima unapanga foleni kwenye choo kimoja cha shimo. Bibi aliyekuwa mwimbaji wa kwaya anasema siku hizi miguu inamsumbua. Mzee ambaye hakuwa akikosa mnada sasa anamtuma mjukuu. Watu wa nyumbani hawabishi, kwa kuwa hizo ni sababu za uzee, na uzee hauhojiwi.

Wengine miguu inawauma kweli. Wengine wamekwisha kupima hatua kutoka kwenye benchi hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi chooni, wakaona hawatafika. Utamaduni wa Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, unaijua metimani, ule utengo wa muda unaompata mtu au nyumba iliyoguswa na mambo fulani ya kifo na uzazi. Metimani ina mwisho, na siku yake ikifika mtu anarudi kwa wenzake. Anayejitenga kwa sababu ya choo hana siku ya kurudi, na hakuna aliyemtenga. Amejitenga mwenyewe kimyakimya.

Tatizo lenyewe lina ngazi. Kuna upepo unaotoka bila ruhusa, mbele za watu. Kuna doa dogo kwenye nguo linaloonekana jioni wakati wa kufua. Kuna haraka: haja inakuja, na mtu ana dakika moja tu ya kufika chooni. Halafu kuna choo chenyewe kutoka bila mwenye nacho kujua mpaka asikie harufu. Watu wengi hudhani ni hiyo ngazi ya mwisho tu inayostahili kuitwa ugonjwa. Si kweli. Mwanamke aliyeacha kwaya kwa sababu ya upepo amepoteza kwaya yake sawasawa na yule aliyeiacha kwa sababu ya choo.

Kabla ya kusema umri unafanya nini na jinsia inafanya nini, ni lazima tujue nini hasa kinachozuia.

Utumbo mpana unaishia kwenye puru, na chini ya puru kuna mfereji mfupi wa sentimita tatu au nne unaofika nje. Mfereji huo umezungukwa na pete mbili za msuli. Pete ya ndani haisikilizi amri zetu. Imejibana usiku na mchana, tukiwa macho au usingizini, na ndiyo inayotoa sehemu kubwa, takriban asilimia 70 hadi 80, ya nguvu ya kufunga mtu akiwa ametulia. Pete ya nje tunaiamuru wenyewe. Ndiyo tunayoikaza gari linaporukaruka kwenye makorongo na choo kimekaribia. Ina nguvu, lakini huchoka upesi: hata mtu mzima mwenye afya hawezi kuikaza kwa nguvu zote zaidi ya dakika moja hivi. Juu ya pete hizo kuna msuli wa tatu unaoanzia kwenye mfupa wa mbele wa nyonga, unazunguka nyuma ya puru na kurudi mbele, kama kamba iliyopitishwa nyuma ya mpira wa maji na kuvutwa mpaka mpira ukunjike. Kunjo hilo, ambalo kwa mtu aliyesimama hukaribia pembe mraba, ndilo linalozuia choo kigumu. Mtu akichuchumaa msuli huo hulegea na njia hunyooka, ndiyo maana kuchuchumaa humaliza kazi haraka kuliko kukaa.

Kuna jambo jingine ambalo kila mara hunistaajabisha. Puru ikianza kujaa, pete ya ndani hulegea kwa sekunde chache ili kilichofika kiguse ngozi ya juu ya mfereji. Ngozi hiyo ina hisi kali kiasi cha kutofautisha upepo, maji na kigumu. Taarifa inapanda kwenye ubongo, pete ya nje ikiwa imeshikilia, na mtu anaamua: ngoja, au toa upepo, au nyanyuka sasa hivi. Haya hutokea mara nyingi kila siku bila sisi kuyawazia. Yanahitaji ngozi yenye hisi, mishipa ya fahamu inayotoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, puru inayoweza kutanuka na kusubiri, misuli mizima, na akili iliyo macho. Kimoja kikiyumba, vingine hufidia. Viwili au vitatu vikiyumba pamoja, ndipo mtu anapoanza kupima hatua za kwenda chooni.

Mwanamume na mwanamke hawaanzii mahali pamoja. Kwa wastani mfereji wa mwanamume ni mrefu zaidi na pete yake ya nje hukaza kwa nguvu zaidi. Kwa mwanamke, pete ya nje upande wa mbele, pale kwenye msamba kati ya uke na njia ya haja kubwa, ni fupi na nyembamba. Hapo hapo ndipo kichwa cha mtoto hukandamiza wakati wa kuzaliwa. Hata hivyo msichana ambaye hajazaa hana shida zaidi ya kujizuia kuliko kaka yake. Umbile peke yake halimwangushi. Linampa akiba ndogo zaidi, na uzazi ndio unaokuja kuitumia.

Madaktari hugawa kuchanika kwa mama katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni ngozi. La pili ni misuli ya msamba. La tatu mchaniko umeifikia pete ya njia ya haja kubwa, na la nne umepita pete zote mbili hadi utando wa ndani ya puru. Hatari ni kubwa zaidi kwa uzazi wa kwanza, kwa mtoto wa kilo nne na zaidi, kwa mtoto anayetoka akitazama juu, kwa mama aliyesukuma muda mrefu, na pale kifaa kinapotumika kumvuta mtoto. Mama kuongezewa njia kwa mkato unaoshuka moja kwa moja kuelekea nyuma, badala ya kwenda pembeni, pia huufikisha mchaniko kwenye pete. Na hata pasipo mchaniko wowote, mishipa ya fahamu inayoendesha pete ya nje inaweza kuvutwa kupita kiasi wakati kichwa kikiwa kimekwama saa nyingi kwenye nyonga.

Mwaka 1993 Abdul Sultan na wenzake wa London walichapisha utafiti uliowashtua wakunga wa dunia nzima. Waliwapima akina mama kwa mashine ya utrasaundi kabla ya kuzaa na baada ya kuzaa. Miongoni mwa 79 waliozaa kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, asilimia 35 walikutwa na pete iliyokatika, na wengi wao hakuna aliyekuwa amewaambia kuwa wameumia. Ikaaminika kwamba majeraha hayo yamejificha ndani, hayaonekani kwa macho. Lakini mwaka 2006 baadhi ya watafiti hao hao walifanya jambo rahisi zaidi: mtaalamu aliyefundishwa vizuri aliwakagua tena akina mama mara tu baada ya kujifungua, kabla hawajashonwa. Idadi ya waliotambuliwa kuwa na pete iliyochanika ilipanda kutoka takriban 11 hadi karibu 25 katika kila 100. Majeraha hayakuwa yamejificha. Hayakuwa yametafutwa.

Jambo hilo ndilo uti wa mgongo wa makala hii, na linatuleta moja kwa moja Mbulu.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei kwenye ukanda ambao wakati huo haukuwa na daktari kwa umbali mrefu kila upande. Leo ina vitanda zaidi ya 400 na inahudumia Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe wa bonde la Yaeda, Wanyiramba na Waisanzu. Kutoka vijiji vya pembezoni mama mwenye uchungu bado anaweza kutumia nusu siku kuifikia, na msimu wa mvua zaidi ya hapo. Zamani wengi walizaa nyumbani, chini ya mkono wa mkunga wa jadi aliyejua mengi kuhusu kumtoa mtoto lakini hakuwa na taa wala uzi wa kushonea. Hali imebadilika sana. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, asilimia 81 ya wanawake Tanzania walijifungulia kwenye kituo cha huduma, kutoka asilimia 63 miaka saba kabla. Lakini kuzalia kituoni na kukaguliwa kituoni ni mambo mawili. Fikiria zahanati yenye muuguzi mkunga mmoja usiku, tochi mdomoni, damu bado inatoka, mama mwingine anasukuma kwenye kitanda cha pili. Muuguzi anashona ngozi, damu inakauka, mama anapewa chai. Pete iliyokatika ndani ya msamba inabaki imekatika, ncha zake mbili zimerudi nyuma, na ngozi imefunika juu yake.

Manyara ina mzigo wa ziada ambao si haki kuupita kimya. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya wanawake wa mkoa huu walikuwa wamekeketwa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Mwaka 2022 kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 43, hatua kubwa, ingawa wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia uzazi wa wanawake 28,393 katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa waliokeketwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kutoka damu nyingi na kufanyiwa upasuaji, na waliongezewa njia au kuchanika msamba mara nyingi zaidi. Kovu halitanuki kama ngozi. Kichwa cha mtoto kikifika hapo, kitu lazima kiachie, na kilicho karibu ni msamba. Binti anakeketwa bila kuulizwa, na mwili wake unalipa tena miaka baadaye kwenye chumba cha kuzalia. Na tunaojua haya tunapaswa kuyasema kwa sauti ile ile tunayotumia kusema juu ya damu na vifo, kwa sababu aibu ya kutojizuia nayo inaua maisha ya mtu, ijapokuwa haimpeleki kaburini.

Mchaniko wa daraja la tatu au la nne ukitambuliwa mapema hushonwa kwenye chumba cha upasuaji, penye mwanga na ganzi ya kutosha, kwa uzi unaofaa, na mama hupewa dawa ya kuzuia maambukizi na ya kulainisha choo. Wengi wa walioshonwa vizuri hupona. Usipotambuliwa, kurekebisha miaka baadaye ni kazi ngumu na matokeo yake hupungua kadiri muda unavyopita. Mkasa mbaya kuliko yote ni fistula ya uzazi, tundu linalobaki kati ya uke na kibofu au puru baada ya uchungu uliokwama. Kwa fistula Tanzania imejenga njia ya kueleweka: hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inatibu bila malipo, na kwa miaka mingi ilituma nauli ya basi kwa simu ili mwanamke asikwame kijijini kwa kukosa pesa. Kwa pete iliyochanika hakuna njia kama hiyo, ingawa wenye pete zilizochanika ni wengi kuliko wenye fistula.

Kinachoweza kufanyika si cha ndoto. Norwei, nchi iliyowaleta waanzilishi wa Haydom, iligundua mwaka 2004 kwamba zaidi ya akina mama 4 katika kila 100 waliojifungua kwa njia ya kawaida walikuwa wakichanika pete, ilhali jirani zao wa Ufini walikuwa na idadi ndogo zaidi. Wakunga wa Norwei wakajifunza mkono wa Ufini: mkono mmoja unapunguza kasi ya kichwa, wa pili unashikilia msamba, mama anaambiwa aache kusukuma na aheme haraka haraka kichwa kinapochomoza, na njia inaongezwa pale tu inapobidi, kwa mkato wa pembeni. Ndani ya miaka michache idadi ilishuka hadi takriban nusu. Wapo watafiti wanaobishana ni sehemu ipi ya mbinu hiyo iliyofanya kazi. Lakini kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu kuwekwa kwenye msamba wakati wa kusukuma kimejaribiwa mara nyingi na kimeonekana kupunguza michaniko mikubwa. Maji ya uvuguvugu hata zahanati ya kijijini inayo.

Haydom yenyewe imekwisha kuonyesha dunia jinsi ya kufundisha. Mradi wa Safer Births, uliokulia hapo na kusambaa katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, uliweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini: muuguzi anashika mwanasesere, anafanya zoezi kwa dakika chache, anarudi kwa wagonjwa wake. Matokeo kutoka vituo 30 na akina mama karibu 300,000 yalichapishwa mwaka 2025 katika New England Journal of Medicine. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vya akina mama kwa asilimia 75. Sijui sababu yoyote nzuri ya kutoingiza ukaguzi wa pete kwenye mazoezi hayo hayo. Ni kidole kimoja chenye glavu na dakika mbili.

Sasa twende kwenye umri.

Mtoto mchanga ana pete ya ndani inayofanya kazi na ya nje asiyoijua. Kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka minne neva zinakomaa, anaanza kuhisi, kusubiri na kusema. Kuhara mara kwa mara kunamchelewesha na kumchanganya. Haydom ilikuwa moja ya vituo katika nchi 8 vya utafiti wa MAL-ED ulioanza mwaka 2009, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa na kukuta vijidudu vya tumbo hata kwenye choo cha watoto wasiohara. Mtoto anayejichafua akiwa na miaka mitano mara nyingi ana choo kigumu kilichoziba, na majimaji yanapita pembeni. Kumchapa hakumsaidii kitu.

Baada ya hapo mwili unakaa miongo kadhaa bila kutikisika, na ndiyo sababu tunadhani uwezo huu ni wa kudumu. Kumbe pete zinabadilika polepole. Ya ndani inakuwa nene zaidi lakini nyuzi zake zinageuka kuwa kovu, kwa hiyo nguvu yake ya kufunga hushuka. Ya nje inapungua unene kama misuli mingine ya mwili. Puru inapoteza uwezo wa kutanuka na kusubiri, na hisi ya ngozi inafifia, hivyo taarifa inafika imechelewa. Kwa wanawake, nguvu ya kukaza hupungua kwa kasi zaidi baada ya hedhi kukoma, kwa sababu misuli na tishu za nyonga zilikuwa zikitegemea homoni ambayo sasa imeshuka.

Hapo ndipo umri na uzazi vinakutana. Mama aliyechanika pete akiwa na miaka 20 anaweza kuishi miaka 30 bila dalili. Sehemu iliyobaki nzima inakaza zaidi, msuli wa nyuma ya puru unasaidia, choo chake ni kigumu na kinasubiri. Kisha hedhi inakoma, misuli inapungua, na akiba aliyokuwa akiishi nayo inaisha. Anafika miaka 55 na kuona tatizo limemjia kama mgeni, wala halihusishi na usiku ule wa uzazi wa kwanza. Mganga naye halihusishi. Anaambiwa ni uzee, mama.

Ni rahisi kutoka hapa na kuamini kuwa hili ni tatizo la wanawake. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa Marekani wa 2005 na 2006 uliwauliza watu wazima wanaoishi majumbani kama walikuwa wamevujisha choo angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Walijibu ndiyo asilimia 8.3. Wanawake walikuwa 8.9 na wanaume 7.7, tofauti ndogo kuliko wengi wanavyotarajia. Umri ndio ulioachanisha watu: chini ya asilimia 3 kwa wenye miaka ishirini na kitu, zaidi ya 15 kwa waliofika 70. Wanaume hufika huko kwa njia nyingine: kisukari kilichoharibu neva, ajali au ugonjwa wa uti wa mgongo, kiharusi, upasuaji wa bawasiri au nasuri uliokata pete, mionzi ya saratani ya tezi dume, na choo kigumu cha miaka mingi. Mzee wa Kidatoga aliyezoea kutembea na ng'ombe kutwa nzima ana mambo mengi ya kupoteza kwa kukaa nyumbani, na ni mgumu kuliko mkewe kulisema. Mwanamke anaweza kumnong'oneza dada yake. Mzee humwambia nani?

Vilevile kujizuia si kazi ya pete peke yake. Usiku Mbulu kuna baridi kali, choo cha shimo kiko nyuma ya zizi, na magoti ya mtu wa miaka 75 hayakunjuki upesi. Anahisi haja saa nane ya usiku, anatafuta tochi, anatafuta fimbo, anafungua mlango, anavuka uwanja wenye utelezi. Pete yake ya nje ina dakika moja. Mzee huyo anaweza kuwa na misuli mizima kabisa na bado asifike. Ndoo yenye mfuniko chumbani, nguzo mbili imara za kushikilia chooni, kiti kilichotobolewa ili asichuchumae, hivi ni matibabu kama vilivyo vidonge. Hospitalini kuna dirisha la wazee, jambo jema, lakini foleni yake nayo ni foleni, na mwenye tatizo hili hupanga mstari akiangalia choo kilipo.

Chakula kina sehemu yake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1972 pamoja na wenzake vipimo vya choo cha wanavijiji wa Uganda: zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kikipita tumboni kwa saa 36 hivi. Waingereza waliopimwa walitoa gramu 100 tu na chakula kikachukua zaidi ya saa 80. Choo kingi, laini na chenye umbo hujaza puru vizuri na kuondoka chote kwa mara moja. Ugali wa dona, mtama, maharage na mboga za majani vinatoa choo cha namna hiyo, wakati sembe nyeupe, chipsi na soda vinatoa kidogo na kigumu. Anayelazimika kusukuma kwa nguvu kila asubuhi anavuta mishipa ile ile iliyovutwa na uzazi. Halafu kuna kosa la kawaida kwa wazee: puru imejaa choo kigumu, majimaji yanavuja pembeni, familia inaona kuhara na kumnunulia dawa ya kuzuia kuhara. Hali inakuwa mbaya zaidi. Kidole cha mhudumu kingeonyesha ukweli mara moja.

Misuli inayotii amri inaweza kufundishwa katika umri wowote. Arnold Kegel, daktari wa Marekani, alieleza mazoezi ya nyonga mwaka 1948, akilenga mkojo zaidi, na leo yanatumika pia kwa choo. Mtu anakaza kana kwamba anazuia upepo mbele za wakwe, bila kubana matako wala kuzuia pumzi, anashikilia hadi sekunde tano, baadaye kumi, anapumzika muda huo huo, anarudia mara kumi, na kufanya hivyo mara tatu kwa siku. Yanafanyika ukikoroga uji au ukikamua ng'ombe. Matokeo huonekana baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, na ukiacha yanapotea. Mama aliyejifungua naye anahitaji kupumzishwa kubeba ndoo ya lita 20 na mizigo ya kuni kwa wiki za mwanzo. Hilo liko mikononi mwa mume na mama mkwe, na wanastahili kuambiwa moja kwa moja.

Kinachobaki ni swali lenyewe la kumuuliza mgonjwa, na Mbulu lina ugumu wa pekee. Kiiraqw, Kidatoga, Kihadzabe na Kiswahili havina undugu hata kidogo, na vyote vinakutana kwenye benchi moja la Haydom. Bibi asiyejua Kiswahili hutafsiriwa na yeyote aliyemleta, mara nyingi mkwe au mjukuu wa kiume. Hakuna bibi atakayemwambia daktari habari za choo chake kupitia kinywa cha mkwewe. Kituo kinachotaka ukweli kinatafuta mhudumu wa kike anayejua lugha, kinamtoa ndugu nje, na kinaanza na shikamoo na habari za nyumbani kabla ya kufika huko. Swali lenyewe liwe la wazi na lisilo na lawama: bibi, watu wengi wa umri wako choo kinawatangulia kabla hawajafika, wewe hali hiyo umeipata?

Kwa walio vijana nafasi za kuuliza ni nyingi zaidi kuliko tunavyozitumia. Mtoto analetwa chanjo akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha miezi 9. Anapimwa uzito, kadi inajazwa, mama anaambiwa tarehe ya kurudi. Mara nne mwanamke yuko mbele ya muuguzi, na mara zote nne maswali ni ya mtoto. Aulizwe pia yeye: tangu ujifungue, upepo au choo vinakutoka bila kutaka? Akisema ndiyo, akaguliwe kwa kidole, afundishwe mazoezi siku hiyo hiyo, aulizwe anakula nini na choo chake kikoje. Ikionekana pete imekatika, aandikiwe rufaa ya kwenda Haydom au hospitali ya KCMC Moshi, na kwenye kadi yake ya kliniki iandikwe kwamba uzazi unaofuata usifanyike zahanati, uamuliwe na daktari.